Vyombo Vyangu Haviendi kwa Philémon

Nakumbuka siku niliyotoa bakuli la mama yangu mlangoni kwa mikono yangu miwili, mwanangu Grâce, nikamkabidhi mtu mwenye kofia nzuri na viatu vya kung'aa, na asante nikamwambia juu yake. Asante! Ningeweza kurudi kwenye mlango ule, ningejipiga kofi mimi kwanza, halafu yeye.

Nakuandikia kwa sababu Jumamosi ulikuja hapa kwangu Ganshoren, Bruxelles, na vijana wenzako wawili wa chama chetu. Mlikaa, mkanywa chai, mkaangalia makabati yangu. Ukasema, "Maman Furaha, tunaomba utukopeshe vile vyombo vyako vya Amerika, tuviweke ku meza ya fête ya kuzaliwa ya Tonton Philémon. Anafikisha miaka quatre-vingts, themanini mizima." Nikasema hapana. Ukacheka, ukafikiri natania. Nikasema hapana mara ya pili. Ndipo yule mwenzako wa nywele za kusuka akanong'ona mlangoni, na masikio yangu bado mazima: "Bon, tuende. Huyu anapenda sahani kuliko bantu."

Sikusoma sana, mwanangu. Shule iliniacha darasa la nne. Lakini hili nitaliandika mpaka mwisho, na majina nitayataja. Philémon. Joséphine, mke wake. Na mimi Furaha, maana na mimi nina kosa langu humu ndani.

Mama yangu alikuwa mpishi wa wamisionari wa Kiamerika, kule milimani juu ya Uvira. Walipofunga mizigo kurudi kwao, yule mama mmisionari alimwachia mabakuli matatu ya kauri, ya njano, yenye mistari mieupe tumboni, yanayoingiana moja ndani ya lingine kama watoto wanaolala kitanda kimoja. Mama alifanya kama wanawake wote wa kwetu wanaokopeshana vyombo wakati wa kilio na harusi. Alichukua msumari, akayageuza, akachora jina lake chini ya kila moja, pale pasipo na ile rangi ya kung'aa: NSIMIRE. Hakujua kuandika neno jingine. Kwetu chombo kikichanganyika na vyombo hamsini vya wenzako, jina ndilo linalokirudisha nyumbani.

Watu wa bunduki walipokuja... bon, sitaeleza yote. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mama alibaki pale, na wadogo zangu wawili. Mimi nilitoka na kitenge kimoja, na bakuli la katikati nimelifunga mgongoni, kwa sababu ndilo nililokuwa naliosha saa ile. Lilinilisha porini. Lilinilisha kambini. Lilipanda ndege limeviringishwa kwenye sweta, likafika Bruxelles bila ufa hata mmoja. Nyufa nilifika nazo mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nasafisha maofisi, naishi chumba kimoja Koekelberg. Philémon ndiye alikuwa président wa mutuelle, chama chetu cha kusaidiana sisi watu wa Kivu. Ndugu yake alipofariki, kilio kikawa nyumbani kwake, na yeye mwenyewe akapita na gari nyumba kwa nyumba akikusanya vyakula ambavyo wanawake wamepika. Mimi nilipika sombe, yale majani ya muhogo. Chombo kikubwa kingine sikuwa nacho. Nikaitia kwenye bakuli la mama, nikalifunika kitambaa, nikatoa.

Sasa, ninyi mliozaliwa hapa hili hamlijui vizuri. Kwetu chombo hakirudi kitupu. Aliyekipokea atakula, atakiosha, atatia kitu ndani, japo unga kidogo, japo chumvi, ndipo akirudishe. Kwa hiyo mwenye chombo hadai. Ukidai ni kama unawaambia wafiwa: acheni kulia, leteni unga wangu. Nikangoja. Wiki tatu, miezi miwili. Kila Jumapili kanisani Joséphine ananishika mkono: "Furaha mupenzi, bakuli yako iko. Ninatafuta kitu ya muzuri ya kutia ndani."

Nami namjibu, hakuna haraka, Maman.

Hakuna haraka! Mdomo huu huu ninaolia nao leo.

Katikati ya wiki moja natoka kazini, napita kule juu Sablon kwenye maduka ya vitu vya zamani, nikaliona dirishani. Nilisimama mpaka mtu akanigonga kwa nyuma. Nikaingia. Mwenye duka, mzungu mzee mwenye miwani ya kamba, alidhani nataka kununua, akaligonga ukingo kwa kucha, likalia kama kengele. Akasema sikiliza, madame, ni zima. Ni la Amerika, la zamani sana, hapa kwetu hayaonekani. Kisha akaligeuza akasikitika: "Dommage, kuna mjinga amelichora chini na msumari."

NSIMIRE.

Nikamuuliza nani amelileta. Bwana mmoja mweusi, akasema, mpole sana, kofia nzuri. Alisema ni urithi wa familia yake. Nikamwambia bwana, huo urithi ni wangu, na huyo mjinga wa msumari ni mama yangu. Hakuwa mtu mbaya, haki ya Mungu siwezi kumsingizia. Akauliza kama nina karatasi. Karatasi ya bakuli, mwanangu! Mimi ambaye hata karatasi ya kuzaliwa sina. Mwisho akasema: mlete huyo bwana hapa, au alete barua ya mkono wake kwamba chombo ni chako, nami nitakurudishia, mambo mengine nitamalizana naye. Nitakuwekea pembeni mpaka Jumapili saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo nauza.

Jumapili hiyo mutuelle ilikuwa na mkutano baada ya misa. Nikasema moyoni, vizuri, mbele ya watu ataona haya. Kumbe haya inampata mwenye nayo. Nilisimama, sauti inatetemeka, nikaeleza: bakuli, sombe, duka, jina la mama. Nikasema, Papa président, naomba barua tu, sitaki neno jingine.

Philémon aliondoa kofia polepole, akaiweka mezani. Anajua kusema, yule. Akasema, "Bantu ya Mungu, musikie. Huyu mutoto tulimupokea hapa na sweta moja. Tulimutafutia nyumba, tulimutafutia kazi. Leo président njo mwizi ya sahani! Furaha, wewe ulitoka ku camp. Bakuli ya Amerika uliitoa wapi? Ao na wewe uliiba?"

Watu wakacheka. Wengine walicheka mpaka wakapigana mabega.

Joséphine naye hakunyamaza: "Mimi bakuli hiyo siijue. Ile yake ilikuwa ya plastique. Ya bleu."

Ya plastique, ya bleu! Uongo ukipewa rangi, mwanangu, watu wanauona kwa macho. Na mle ndani walikuwemo wanawake kumi na zaidi waliochota sombe kwenye bakuli lile la njano kwa vidole vyao. Niliwaangalia mmoja mmoja. Wote walikuwa wanaangalia viatu. Kisha wazee wakaanza: mwanetu, omba pardon, tufunge mambo haya, tusiaibishane mbele ya watu, mwenye nguvu mpishe.

Nikapiga magoti. Hapo ndipo kosa langu lilipo. Nilimwomba Philémon msamaha kwa sababu ameniibia. Akaniwekea mkono kichwani, akanisamehe.

Na haikuishia hapo. Mkutano ulikuwa na chakula, na mimi ndiye nilikuwa mwanamke mdogo kuliko wote, donc kuosha vyombo ni kazi yangu. Nikaingia jikoni nikaanza kuosha. Nilikuwa nasugua sahani za Joséphine, machozi yanadondoka kwenye povu, na saa ya ukutani inakwenda.

Akaingia Mama Nabintu. Yule mama alikuwa mzee kuliko wote, amefika hapa kumlea mjukuu wake, Kifaransa hajui, na kwa hiyo mkutanoni hakuna aliyekuwa anamuuliza neno. Akafunga bomba la maji.

"Mutoto, unafanya nini?"

"Ninaosha, Mama."

"Unaosha sahani ya nani?"

"Ya Maman Joséphine."

"Na ile ya mama yako, nani atairudisha?"

Akanikamata kidevu kama mtu anayenunua mbuzi.

"Kule ndani ulinyamaza juu ya heshima ao juu ya woga?"

"Heshima, Mama. Yeye ni mukubwa."

"Uongo! Heshima iko na macho, inaona muntu wa kuheshimia. Hii yako ni kipofu, inapigia kila kofia magoti. Mama yako alichora jina yake na musumari, akakosa shule, akakosa kalamu, akachora tu. Wewe uko na mdomo mzima, unashindwa hata kuitaja mara mbili! Kama hauililie hiyo bakuli, nani ataililia? Vua hiyo tablier ya jikoni, tuende tumuombe ule muzungu asiuze kwanza. Duka inafunga saa ngapi?"

Tulikimbia, yeye na fimbo yake, mimi na mikono yenye sabuni. Tulingoja tram. Tukashuka, tukapanda kile kilima. Tulipofika ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Mwenye duka alikuwa anashusha chuma cha dirisha. Aliponiona alitoa miwani. Akasema alingoja mpaka saa ile, hata na dakika kumi zaidi. Akaingia mteja akalipenda, akalipa, hakuacha jina. Mama Nabintu hakuelewa Kifaransa chake, ila aliangalia dirisha likiwa tupu, akatema mate chini. Tangu siku hiyo mpaka alipokufa, Mama Nabintu hakumsalimia Philémon tena. Yeye peke yake.

Nusu saa, mwanangu. Zile sahani nilizosugua zilikuwa za nusu saa.

Ndipo nilipoanza kununua vyombo. Watu wanadhani naipenda Amerika. Amerika siijui, hata kwenye ramani naitafuta kwa kidole. Kila asubuhi ya mapumziko naenda soko la vitu vya zamani kule Marolles, nachuchumaa, nageuza. Sasa nina mabakuli ya njano, nina jagi la maziwa, nina visahani vya siagi vyenye vifuniko, nina pawa za kauri za kugawia mchuzi, na gudulia la biskuti lenye umbo la kuku aliyenenepa. Nimejifunza kugonga kwa kucha na kusikiliza: kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Nimejifunza kutovitia Javel, ile dawa ya kung'arishia nguo, maana inaingia kwenye nyufa nyembamba na kuibandua ile ngozi ya kung'aa. Na mimi ni msafishaji, nilijua hivyo baada ya kuharibu viwili. Wanaokusanya vyombo hivi wanageuza kutafuta muhuri wa kiwanda. Mimi natafuta msumari.

Hata kwenye harusi nageuza sahani. Pale Galerie d'Ixelles, kwenye saluni, wananiita Maman Geuza. Msusi mmoja alinitania, "Maman, na mimi unigeuze, uangalie kama niko ya Amerika!" Nilicheka. Kucheka bado najua. Ila msiniambie napenda sahani kuliko watu. Watu ndio waliokuwa wanaangalia viatu.

Mnaniambia ni mambo ya zamani, Tonton amezeeka, anatembea na mkongojo, tumwache. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Mimi najua alikula nini jana. Alikula bakuli la Nsimire, akajifuta mdomo, akanisamehe. Na mnasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu kina miaka zaidi ya ishirini na tano, na mshindo wake ni huu: mnamtengenezea keki.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mkubwa mheshimu. Mpishe kwenye tram, mpe kiti, mwamkie kwanza, usibishane naye kwa mambo ya ovyo. Lakini akishika kitu chako, dai siku hiyo hiyo, kwa sauti, na majirani wasikie. Desturi ya kungoja ilitungwa kwa ajili ya watu waaminifu. Kwa mwizi ni mlango uliofunguliwa. Usiombe msamaha wa kosa la mwingine hata wakupigie magoti wao. Na hili lishike kuliko yote: siku mnyonge atakaposimama kwenye mkutano, sauti inamtetemeka, na wewe ulikuwepo, sema ulichokiona. Usingoje kuulizwa. Philémon aliiba bakuli, lakini wale kumi na zaidi ndio waliolifungia mlango. Mficha uchi hazai, na jamaa inayofichiana wizi haizai watu, inazaa hadhira.

Vyombo vyangu haviendi. Mimi nitakuja. Nitavaa kitenge changu kizuri, nitakaa mstari wa mbele, na mkimaliza hotuba zenu nitasimama nimuulize Philémon, yeye na Joséphine wake, bakuli la mama yangu alilipeleka wapi. Akili bado anazo, atajibu au hatajibu. Ninachokuomba wewe, Grâce, ni kimoja tu: nikisimama, usiangalie chini. Niangalie mimi.

Mungu akupe maisha marefu na marafiki wakweli. Upate mume asiyekufanya uogope sauti yako, na watoto wakorofi kidogo wanaouliza kwa nini. Nsimire, ambaye jina lake nimekutajia leo, akuombee huko aliko. Nenda salama, mwanangu, na mlango wangu uko wazi.