Magoli ya Upande wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa filimbi. Nilipewa meza ya plastiki, kanda ya kupimia na mpira mmoja wa raba, nikaambiwa nikae kwenye mlango wa uwanja nikague fimbo za wachezaji. Ilikuwa asubuhi ya Julai hapa Johannesburg, baridi kavu ile inayopasua midomo, na nyasi bandia za uwanja zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Nilivaa makoti mawili na bado vidole vilikuwa havinitii.

Kwa vijana ambao hamjauona mchezo wa lakrosi, nieleze kidogo. Kila mchezaji hushika fimbo yenye kichwa cha plastiki, na kichwani kuna wavu uliolegea kama mfuko. Mpira hauguswi kwa mkono. Hudakwa, hubebwa na kurushwa kwa mfuko huo. Mashindano yetu ya majira ya baridi yalikuwa ya wachezaji sita kila upande, watu wa kulipwa, na kasi yake haikuwa ya mchezo. Timu ikipata mpira ina sekunde thelathini tu za kupiga goli, la sivyo inanyang'anywa. Mfuko ukiwa na kina kupita kiasi, mpira hautoki hata ukimgonga mwenye nao. Huo ni wizi, na kazi yangu ilikuwa kuukamata.

Mwamuzi Mkuu wa wakati huo alikuwa mama mmoja wa Soweto, mfupi, mwenye sauti ya kwaya. Alinikuta nikimrudishia mchezaji fimbo yake kwa tabasamu.

"Umeipima?" aliuliza.

"Nimeitazama. Kijana ananiambia iko sawa."

"Eish, mwalimu!" Aliniita mwalimu kwa sababu nilikuwa nimefundisha michezo shuleni Tabora kabla ya kuhamia huku. "Kila mtu atakuambia iko sawa. Hapa hatumwamini mtu, tunaamini kipimo. Mwite arudi."

Nilimwita arudi. Fimbo haikuwa sawa.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi. Majira yaliyofuata nilipelekwa meza ya saa, kuangalia zile sekunde thelathini, na huko nikajifunza kwamba makocha hupiga kelele za makusudi ili mtunza saa akose kubonyeza. Kisha nikapewa duara la goli, yaani mstari unaomzunguka mlinda mlango ambao mshambuliaji haruhusiwi kuukanyaga. Nilijifunza kutazama miguu badala ya mpira. Mama wa Soweto alipostaafu, nafasi yake nikapewa mimi. Wakati huo nilikuwa nimeshakuwa mtu wa kuangalia nyuso za watu kama wengine wanavyoangalia bidhaa sokoni, nikitafuta palipopasuka. Mke wangu alisema hata chai nilikuwa nainywa kwa kuichunguza.

Majira yangu ya mwisho kabla ya yale ya kustaafu ndiyo ninayotaka kuyasimulia.

Kulikuwa na mlinda mlango mmoja kutoka Lubumbashi, jina lake Ilunga. Alikuwa amekuja mjini hapa kama fundi wa kusuka nywele, akaujua mchezo huu kupitia wateja wake wanafunzi wa Braamfontein, na baada ya muda akawa bora kuliko wao wote. Timu yake ilivaa jezi za kijani. Kibali chake cha kukaa nchini kilitegemea mkataba wake wa kucheza; hilo alilisema wazi, na kila mtu alilijua. Alikuwa na mke na binti mdogo aliyekuwa akimjibu baba yake Kizulu kila alipoongeleshwa Kiswahili.

Majira yale Ilunga alianza kufungwa magoli ya ajabu. Mipira ya juu alidaka. Ya kulia kwake aliizuia kwa goti, kwa kifua, kwa fimbo, hata kwa kisigino. Lakini iliyokwenda chini kushoto kwake ilipita yeye akiwa amesimama wima kama mtu anayesubiri basi. Jukwaani watu walianza kupiga miluzi. Wakongomani wenzake, waliokuwa wakija na ngoma, wakaacha kupiga ngoma.

Baada ya mechi ya mwisho ya makundi, ambayo timu ya kijani ilifungwa lakini ikaponea chupuchupu kuingia nusu fainali, Mkurugenzi wa Mashindano aliniita ofisini kwake. Alikuwa bwana wa Sandton, suti nzuri, mtu wa kuongea taratibu. Alifunga mlango kabla hajaketi.

"Mzee Yusufu, umeyaona yale magoli?"

"Nimeyaona."

"Mlinda mlango anaweza kukosa namna ile bila kukusudia?"

"Sijui bado."

"Juzi ameonekana Marshalltown, kwenye taa za barabarani, zile robot, amesimama na mtu. Yule mtu akampa kitu mkononi, akakitia mfukoni haraka. Mechi hii ameiuza." Alinisogelea. "Kesho asubuhi kamati ya nidhamu inakaa kabla ya nusu fainali. Nataka Mwamuzi Mkuu asimame aseme mlinda mlango huyu hachezi kwa nia njema. Wewe ukisema, wataamini."

"Na akishafungiwa?"

"Atarudi kwao. Sisi tutabaki na mashindano safi."

Sitawadanganya, nami nilimshuku Ilunga. Miaka yote ile ilikuwa imenifundisha kushuku. Lakini kitu kingine kilinikereketa: kwa nini mkurugenzi alikuwa na haraka hivyo, na nani alikuwa akizunguka Marshalltown kumwangalia mlinda mlango? Nilimwambia nitasema kile tu nitakachokuwa nimekithibitisha. Hakupenda.

Nilitoka nikamkuta Ilunga kwenye kituo cha mabasi nje ya uwanja, begi begani. Jua la alasiri lilikuwa limeshashuka nyuma ya maghorofa na upepo ulikuwa unauma. Nilisimama kando yake, kushoto. Hakugeuka. Nilimsalimia ndipo akaruka kama aliyeguswa na moto.

"Papa Yusufu! Unanifuata?"

"Nataka kukuuliza jambo. Watu wanasema umeuza mechi."

"Mimi siko mwizi, papa." Alisogea nyuma hatua. "Nani amekutuma? Ni bwana mukubwa? Unaongea na mimi Kiswahili ili nifungue kinywa, halafu uende kumwambia?"

"Sijatumwa. Marshalltown ulipewa nini?"

Alishusha begi chini. Kisha akatoa mfukoni chupa ndogo, ndogo kuliko kidole, akanionyesha na kuificha tena. Ilikuwa dawa ya macho.

"Ni mafua ya macho tu," alisema. "Baridi. Niko naona muzuri."

Basi likaja, akapanda, na wakati wa kupanda bega lake la kushoto likagonga nguzo ya mlango.

Nilikwenda nyumbani na mashaka mawili badala ya moja. Jioni hiyo niliomba picha za video za mechi kutoka kwa wapigapicha wetu, nikaketi mezani na mke wangu akinilalamikia kwamba chakula kinapoa. Mwanzo nilimtazama Ilunga tu. Baadaye nikarudi kwenye zoea langu la zamani, nikaacha kumtazama aliyefungwa na kuwatazama waliofunga.

Hapo nikaacha kula kabisa.

Mshambuliaji mmoja alikuwa na lango lote la kulia wazi mbele yake. Badala ya kupiga, alikimbia kulizunguka duara, akapoteza nafasi nzuri, ili tu apige chini kushoto kwa Ilunga. Mwingine akafanya vilevile. Na wa tatu, wa timu hiyohiyo, alinyoosha kidole kumwelekeza mwenzake upande ule kabla hata mpira haujafika. Mtu anayejua kwamba mlinda mlango amenunuliwa hahangaiki kuchagua upande, maana atafunga kokote. Hawa walijua kitu kingine. Kuna mtu alikuwa amewaambia.

Asubuhi, wachezaji walipopita kwenye ukaguzi wa vifaa, nilimwondoa mkaguzi mezani nikakaa mimi. Ilunga alipofika, kwanza niliikagua fimbo yake, kisha kinga ya koo, kisha kofia ngumu yenye vyuma vya usoni. Upande wa kushoto wa vile vyuma ulikuwa umepinda na kunyooshwa tena kwa nyundo.

"Nitazame usoni," nilimwambia. "Usigeuze kichwa."

Alinitazama. Niliuinua mpira kwa mkono wangu wa kulia, nikausogeza kushoto kwake, taratibu, ukafika karibu na shavu lake. Macho yake hayakutikisika. Aliuona ulipofika mbele ya pua.

"Ilunga, jicho hilo halioni."

Alitazama nyuma yake kama kuna anayesikiliza, kisha akaegemea meza yangu kwa mikono miwili. "Papa, nakuomba. Mpira ulinipiga mazoezini. Daktari alisema litapona. Bado mechi mbili tu, halafu mkataba wanaandika upya. Nikitoka leo, mimi na bibi yangu na mtoto tunaenda wapi?"

"Nani mwingine anajua?"

"Kocha tu. Ni yeye alinipeleka kwa daktari. Alisema nisiambie mutu, hata wenzangu."

"Hata mke wako?"

"Hata bibi yangu hajui."

Basi nilikuwa na shida. Nikinyamaza, kamati ingemfungia kama mwizi. Nikisema, angeokoa jina na kupoteza kazi. Lakini kulikuwa na jambo la tatu. Mpira ule ukirushwa na mtu mzima unakuja kama jiwe la kombeo, na huyu angesimama mbele yake akiwa na nusu ya dunia giza. Sheria inampa Mwamuzi Mkuu mamlaka ya kumzuia mchezaji ambaye hali yake ni hatari. Niliitumia.

"Huchezi," nilimwambia.

Hakupiga kelele. Alivua glovu moja baada ya nyingine, akaziweka mezani kwangu. "Umeniua, papa," alisema kwa upole, na huo upole uliniuma kuliko tusi.

Mbele ya kamati nilisema nilichokiona, na daktari wa mashindano akamchunguza palepale akakubaliana nami: pazia la nyuma ya jicho lilikuwa limechanika. Shtaka la kuuza mechi likafutwa. Mkurugenzi alinishika mkono kwa furaha iliyonitia wasiwasi.

"Vizuri sana. Tutatangaza kwamba ameumia. Tumemaliza."

"Hatujamaliza. Wapinzani walijua jicho lipi. Waliambiwa na nani?"

"Una ushahidi?"

"Nina picha za wanavyopiga."

"Hizo ni picha za watu wanaofunga magoli, Mzee. Ulicho nacho ni shaka."

"Ndiyo kazi mliyoniajiri kuifanya."

Akatazama saa yake.

Nilimfuata kocha wa kijani kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa kijana wa Cape Town, mchangamfu, wa kukumbatia watu. Nilimuuliza moja kwa moja.

"Unaniuliza kama nani?" alisema.

"Kama mtu aliyeona."

"Nilikuwa namlinda mchezaji wangu."

"Ulimlinda kwa kumsimamisha golini na jicho moja?"

"Aliomba mwenyewe acheze. Muulize." Alitabasamu, lakini mkono wake ulikuwa unafunga na kufungua zipu ya jaketi lake, juu chini, juu chini. Zaidi ya hapo sikupata neno.

Timu ya kijani ilicheza na mlinda mlango wa akiba, kijana mwenye macho mazuri na woga mwingi, ikafungwa. Ilunga alipasuliwa. Kwa kuwa shtaka lilifutwa, alihesabiwa kama mtu aliyeumia kazini, siyo mshtakiwa, kwa hiyo timu ililazimika kumtibu na kumweka kwenye kazi ya kufundisha walinda mlango, na kibali chake hakikukatwa. Jicho halikurudi. Huona mwanga tu, kama wa taa iliyo nyuma ya blanketi.

Majira yaliyofuata yule kocha alikuwa amekaa kwenye benchi la timu nyingine, ile iliyokuwa imemfunga Ilunga magoli mengi kuliko zote. Labda ilikuwa bahati. Watu hubadili kazi kila siku. Katika mechi yangu ya mwisho kabisa alikuja kunipa mkono, akicheka.

"Bado unanitazama, Mzee?"

"Nitakutazama mpaka nipulize filimbi ya mwisho," nilimwambia, nami sikucheka.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaosomea uamuzi hunijia wakiniuliza jinsi ya kumtambua mdanganyifu. Nawaambia ukweli, kwamba wengi sikuwatambua, na kwamba hadi leo sijui kama yule kocha aliuza jicho la mtu wake au nimemwonea, wala nani alimpelekea mkurugenzi habari za Marshalltown. Nawaambia pia wasiache kushuku, ila wakishamshuku mmoja wamtazame na aliyewaonyesha mmoja huyo. Wengine huandika ninachosema. Wengine hunitazama kana kwamba uzee umenichanganya.

Mwezi uliopita Ilunga alinipigia simu. Tulikuwa hatujaongea tangu siku ile ya glovu, na nilipokea nikijiandaa kutukanwa. Aliniomba niende Braamfontein kutazama anavyofundisha. Nilienda, huku nikijiuliza njia nzima anataka nini.

Alikuwa na wasichana na wavulana langoni, akiwarushia mipira, akiwafokea kwa Kiswahili, Kifaransa na Kizulu kwa pamoja. Alipomaliza alikuja kwenye benchi nilipokuwa nimeketi, akasimama mbele yangu. Nikaanza kutafuta maneno ya kujitetea.

"Sogea, papa," alisema, akaonyesha upande wa pili wa benchi. "Kaa huku kwa kuume, nikuone."

Nikasogea.