Siku Niliyompaka Mwanangu Sifa Kidoleni

Hili sijawahi kulisimulia kwa raha, na kila nikilisimulia huwa naangalia chini, kwa sababu aibu nyingine humpita mtu, akaja akazicheka mwenyewe, lakini hii yangu bado iko palepale, na kinachoniuma zaidi ni kwamba ilianza kwa kitu cha kipuuzi kabisa: kidole gumba cha mtoto.

Mwanangu Zuhura alikuwa na miaka mitatu na kitu, tuko kisiwani Koyama, na alikuwa akinyonya kidole mpaka mimi mamake nashangaa. Ziwa nilimwachisha kwa wakati wake bila taabu, lakini kidole hapana. Akisikia usingizi kidole, akiogopa kidole, akikemewa kidole, na mkono wa pili ameshika sikio lake, basi dunia nzima haimhusu. Nilijaribu shubiri, akaizoea (naapa, alikuwa akiilamba), nikamfunga kitambaa, akanyonya kitambaa.

Wakati huo vita vilikuwa vimeshaingia Kismayu, na watu wenye bunduki walikuwa wakivuka kuja visiwani, na wakija huchukua nyavu, mashine za boti, dhahabu za masikioni, mpaka masufuria. Baba mkwe wangu, Mzee Kale, fundi wa vyombo, akakata shauri kwamba tutatoka na mashua yake, nyumba nne, tufuate pwani mpaka Kenya, halafu tushukie Mombasa kwa dada yangu mkubwa.

Sasa hapo ndipo muione akili yangu. Wenzangu wanawaza maji, wanawaza chakula, wanawaza njia, mimi namuwaza dada. Dada yangu ni mtu wa mji, anakaa nyumba ya ghorofa, na kabla ya vita alikuja kututembelea, akamtazama Zuhura akasema, "Huyu ataposwa na kidole mdomoni." Alisema kwa mzaha, watu wakacheka, nikacheka na mimi, lakini neno lile likanikaa moyoni. Nikajiambia, nyumba nimeiacha, kuku wangu nimewaacha wanaparura uani, nitaingia mlangoni kwa dada nikiwa mkimbizi, sawa, lakini mkimbizi mwenye mtoto anayenyonya kidole, hapana, hilo silikubali.

Asubuhi ya kuondoka, mashua ilikuwa imetoka kupakwa sifa. (Kwa asiyeijua, sifa ni mafuta ya maini ya papa, huachwa yakaoza kisha hupakwa mbao zisiharibiwe na maji, na nguo iliyoingia sifa huwezi kuivaa tena mbele za watu.) Kopo lilikuwa limebaki na kidogo chini. Nikauchovya mkono wa Zuhura, vidole vyote, kisha na mkono wa pili, maana namjua, angehamia upande wa pili. Nikaona nimefanya jambo la maana sana.

Akajaribu mara moja tukiwa bado ufuoni, akatema, akanitazama. Hakulia, alinitazama tu. Nikamwambia, "Umeona? Kibaya hicho." Nikapanda mashuani nimefurahi.

Tulikuwa watu ishirini na watatu. Saa nne hivi za asubuhi, tumeshaikaribia pwani ya bara, tukasikia mashine ya boti nyuma yetu. Mashine zetu zote zilikuwa zimekwisha chukuliwa, kwa hiyo hakuna aliyeuliza ni nani. Mzee Kale akaingiza mashua ndani ya kijito cha mikoko, mume wangu akateremsha tanga, tukajikunja chini, akasema kwa sauti ya pumzi, "Watoto wapeni ziwa. Asisikike mchu," yaani asisikike mtu.

Wenye wachanga wakatoa maziwa. Mimi sina, wangu wa miaka mitatu. Ziwa lake lilikuwa kile kidole.

Nikauona mkono wake unapanda. Akatia kidole, akakitoa. Akatia cha mkono wa pili, akakitoa. Akanitazama vilevile kama ufuoni, ila safari hii midomo ikaanza kutetemeka. Nikaushika ule mkono nikaufuta kwa leso, nikauchovya majini, wapi (sifa haitoki kwa maji, ndiyo maana tunapaka mashua, nami hilo nalijua tangu utotoni). Ile mashine inakaribia. Basi nikafanya nilichokiona: nikakitia kidole chake mdomoni mwangu mimi, nikakinyonya ili ile sifa itoke. Mtu mzima, mke wa mtu, mbele ya baba mkwe wangu, nanyonya kidole! Na tumbo langu halikukubali. Nikatapika, tena kwa sauti, juu ya miguu ya wifi yangu, naye akashtuka akapiga kelele, na Zuhura hapo ndipo alipofungua koo. Mama mkwe akamziba mdomo kwa kiganja, Zuhura akamng'ata mpaka akamwachia, akalia zaidi.

Ile mashine ikapunguza mwendo. Halafu ikazimwa.

Sitasema mengi juu yao. Walikuwa sita, vijana watupu. Walichukua mchele, wakachukua maji, na wanawake tukavua hereni wenyewe kabla hawajazivuta. Tungeweza kushukuru wangeishia hapo. Lakini mmoja wao akauliza kwa Kisomali nani kati yetu anaijua miamba ya upande wa Fuma, maana boti yao ilikuwa imeshagonga mara moja. Akamtazama shemeji yangu Bakari, kitinda mimba wa mama mkwe, ambaye alikuwa bado ameushika mkononi upondo wa kusukumia mashua, akamwambia, "Kaalay," njoo.

Bakari akauweka upondo chini taratibu, akamwambia mamake, "Nawatoa mwambani tu, mama. Tangulieni, nitawafuata."

Tulimngoja mlemle mikokoni, maji yakatoka, mashua ikakaa topeni, yakajaa tena, Bakari haonekani. Baba mkwe akauchukua ule upondo mwenyewe akatusukuma nje.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana aibu yenyewe ni hii. Hakuna aliyejua. Mashua nzima inanuka sifa, sote tunanuka sifa, watu wakadhani mtoto amelia kwa hofu na mimi nimechafukwa na bahari. Kambini Mombasa, tulikowekwa pamoja na wakimbizi wengine, wakanibandika jina Mwana wa Bara, kwa kuwa ndimi Mbajuni wa kwanza kutapika ndani ya chombo kilichosimama, na wakinitania hivyo nacheka nao, kwa sababu jina lile lilikuwa jepesi kuliko ukweli. Na dada yangu, yule niliyemwogopa, alipotupokea Mombasa alitutazama nyuso akaanza kulia. Mdomo wa Zuhura wala hakuuangalia.

Na Zuhura aliacha. Ile siku ndiyo ilikuwa mwisho, hajakitia kidole mdomoni tena maishani mwake, hata alipougua homa kambini. Wanawake wakanisifu. Kama miaka minne baadaye, jirani yetu mmoja mwenye mtoto wa kiume wa umri ule akaja mchana mlangoni kwetu, mama mkwe amekaa anasuka ukili, akaniuliza, "Mama Zuhura, hebu nambie, wako ulimwachishaje?"

Nikamjibu kama ninavyojibu siku zote, "Aliacha mwenyewe."

Mama mkwe hakuinua kichwa. Akasema, "Mwambie kweli. Mwambie ni sifa. Lakini asimpake siku ya safari."

Jirani akaaga, nadhani aliona uso wangu. Nikamwuliza, "Mama, ulijua?"

"Nalimziba mdomo mimi," akasema. "Kiganja changu kilinuka siku tatu."

"Mbona hukusema?"

"Nalikuwa nikingoja useme wewe."

Nilimwangukia miguuni nikalia kama nimefiwa siku ile. Hakunisukuma wala hakunikumbatia. Aliushika ule ukili wake, akangoja ninyamaze, kisha akaniambia nikamtazame Zuhura, jua limekuwa kali.

Tangu hapo mama yeyote akiniuliza namwambia yote, na namwambia mtoto asiondolewe kitu kinachomtuliza wakati wewe mwenyewe huna utulivu wa kumpa. Aachishwe siku za salama, polepole, na watu wa kumcheka wacheke. Mwanangu wa pili alizaliwa hapohapo kambini, naye akanyonya kidole mpaka miaka sita, meno yakatoka mbele, dada akasema maneno yake, nikamwambia mwache, akiacha aache, asipoacha ataoa nacho. Anaitwa Omari. Tulitaka kumwita Bakari, mama mkwe akakataa, akasema jina hilo lina mwenyewe, na siku atakayorudi hataki akute mtu amelichukua.