Ujumbe Niliousoma

Shule yetu ilianza katika nyumba moja ya ghorofa pale Kuze. Nilisoma humo utotoni, kisha nikarudi kufundisha. Tulipofungua tawi la Tononoka, na baadaye jingine Kisauni, walimu walizidi hata tukawa tunapishana njiani bila kujuana. Mwalimu mkuu akaniita ofisini.

"Wewe ni mwenyeji, mwalimu," akaniambia. "Nataka watu hawa wawe kitu kimoja."

Akanikabidhi kundi la simu la walimu wote, niwe mimi wa kutangaza mikutano, arusi, wagonjwa na misiba. Akanipa pia kazi ya kuandaa Siku ya Pamoja, ambapo matawi yote matatu yangekutana kwenye uwanja wa Tononoka.

Nilijivuna, sitaficha. Nilishinda Biashara Street asubuhi nzima nikichagua leso ya sare kwa walimu wa kike. Niliamini kwamba tukishavaa leso moja, kazi niliyopewa imekwisha.

Tononoka kulikuwa na mwalimu wa muziki, mama wa makamo aliyetoka bara, mumewe akifanya kazi bandarini. Ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto wa matawi yote wimbo wa siku hiyo. Ijumaa moja, nikiwa najifunga mtandio kwenda arusini, aliniandikia. Mamake amefariki. Yuko njiani kwenda kuzika, ananiomba niwaarifu wenzake. Niliusoma ujumbe wote, nikasema maskini, nikatia simu mkobani. Nitatangaza nikirudi.

Ningependa kusema nilisahau, na kwa siku ile ni kweli. Lakini Jumapili nilikumbuka. Nikajiambia kwamba mazishi yenyewe yako mbali, hakuna atakayekwenda, na isitoshe nimeshachelewa. Wiki hiyohiyo alifariki mjomba wa mwalimu mmoja wa Kuze, nami nilitangaza kabla maiti haijaoshwa. Tulijaa katika nyumba ile hata viatu vikakosa pa kuvuliwa.

Siku ya Pamoja ikafika. Mwalimu wa muziki alikuwa amerudi jana yake tu. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, nami nilikuwa na furaha ya mtu anayetazamwa, hata msiba wake ukanitoka kichwani.

"Na huyu ndiye mwalimu wetu wa muziki," nikasema, "aliyetutoroka wiki mbili akatuachia watoto wakilia kama kunguru!"

Watu wakacheka. Yeye alikuwa amejifunga leso yetu juu ya gauni jeusi. Akanisogelea, akanijibu kwa sauti ndogo, lakini kipaza sauti kikaidaka.

"Nilikwenda kumzika mama."

Mwalimu mkuu akanigeukia. Wazazi walikuwepo, watoto walikuwepo.

"Jamani!" nikasema. "Mbona hatukupata habari?"

Mwalimu wa muziki akanitazama kidogo tu. "Labda ujumbe haukufika," akasema. Kisha akawageukia watoto, akainua mikono, wakaanza kuimba. Waliimba vizuri. Sikusikia hata neno moja.

Jumatatu baada ya masomo nilikwenda kwake kwa miguu. Nikapiga hodi, akanikaribisha, akanipa kiti.

"Ujumbe wako ulifika," nikamwambia.

"Najua. Nilikuwa ndani ya basi. Niliona zile alama mbili zikigeuka buluu, nikajua umesoma. Nikawa nangoja pole za wenzangu. Tulipopita Voi nikasema labda ni mtandao. Tulipofika nyumbani nikaizima simu."

"Mbona hukunisema pale uwanjani?"

"Watoto walikuwa wameshajipanga, mwalimu. Ningewaharibia."

Nikamwomba anisamehe.

"Wenzangu wa hapa Tononoka wananiuliza kwa nini niliwaficha msiba wangu," akasema. "Wanadhani niliwadharau. Hilo ulitengeneze wewe."

Nilirudi nyumbani nikakaa na simu. Mara ya kwanza niliandika "kwa bahati mbaya", nikafuta. Mara ya pili niliandika kwamba shughuli zilikuwa nyingi, nikafuta hilo pia. Mwishowe nikapeleka kwa walimu wote: "Mwenzetu wa muziki alinipa habari ya msiba wa mamake siku ileile. Niliisoma, sikuwafikishia. Na pale uwanjani nilisema uongo."

Wa kwanza kuandika alikuwa mwalimu wa Kisauni ambaye sura yake sikuweza hata kuikumbuka. "Na babangu alipolazwa nilikuarifu," aliandika. Nikatafuta katika simu. Kweli, ujumbe wake ulikuwepo, wa miezi mingi nyuma, na chini yake nilikuwa nimejibu, "Sawa."

Mwalimu mkuu hakunikaripia. Aliamua tu kwamba kila tawi liwe na mtu wake wa kutangaza, na mimi nikapumzishwa.

Jumamosi walimu wa matawi yote walikwenda kumpa pole mwalimu wa muziki, wengine wakisimama barazani kwa kukosa nafasi. Nilikaa karibu na mlango. Bibi mmoja wa Kuze, mwalimu wa siku nyingi kuliko sisi sote, alimshika mkono akamwuliza, "Hebu tuambie, mwanangu, mamako alikuwa mtu wa vipi?" Mwenzetu akatuhadithia kwamba mamake alikuwa fundi wa cherehani, mkali, na kwamba akishona alikuwa akiimba, na nyimbo nyingi anazofundisha alizipata pale miguuni pake. Watu walicheka, kisha wakalia kidogo. Mwenye msiba aliponiletea chai nilipokea kikombe bila kuweza kumtazama usoni.

Wiki iliyofuata nilivuka daraja kwenda Kisauni. Nikamngoja yule mwalimu nje ya darasa, nikamwuliza hali ya babake.

"Alipona zamani," akasema. "Asante kwa kuuliza." Kengele ikalia, akaingia darasani kwake.