Doa Kwenye Picha ya Kifua

Daktari wetu wa mifupa hakujua kutulia. Sisi wauguzi tulimfuata wodini mbiombio huku akibofyabofya kalamu, swali la mgonjwa mmoja akilijibu akiwa keshafika kwa mwingine. Baada ya mvua za El Niño aliletewa msichana aitwaye Ramlo kutoka Hulugho, karibu na mpaka wa Somalia, goti limevimba.

“Mguu ndio unauma,” Ramlo alimwambia. “Kwa nini nimepigwa picha ya kifua?”

“Saratani ya mfupa hupenda kuhamia mapafuni. Kama haijafika huko, tutaiwahi.”

Akaiinua picha dirishani. Palikuwa na doa jeupe. Akalifuta kwa mkono wa koti, akatazama, akalifuta tena kwa nguvu zaidi.

“Ni vumbi, daktari?” Ramlo akauliza.

Daktari akaishusha picha, akaketi kando yake. “Laiti lingekuwa vumbi, abaayo, dada yangu.”