Simu Iliyosingiziwa

Simu haikuifuta ile disketi. Niliifuta mimi. Jambo hili nimelikana mbele ya wakubwa watatu, mume mmoja, na padri mmoja ambaye hata hakuwa ameniuliza.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika miaka ya themanini, Mhandisi wa Maji alinipokea Shinyanga kwa kunionyesha vitu viwili: kabati la kadi za visima, na kompyuta iliyoletwa na wafadhili, imefunikwa kitenge kama mwali.

"Wewe ndiye msomi," alisema. "Hiki utakijua."

Shahada yangu ilikuwa ya jiografia. Kompyuta nilikuwa nimeiona mara moja, tena kupitia dirishani.

Nilikijua, na kujua kukageuka ugonjwa. Kumbukumbu zilikaa kwenye disketi, sahani nyembamba ndani ya bahasha nyeusi yenye pengo dogo pembeni. Ukiliziba pengo kwa karatasi ya kunata, kompyuta husoma tu, haiwezi kuandika wala kufuta. Mashine ilikuwa na midomo miwili ya disketi, wa juu na wa chini. Programu ya ofisi ilikuwa kama karani mzee wa mahakama: kila ulichotaka iliuliza, ikauliza tena, ndipo ikaanza kujikongoja. Nikiwa na miaka ishirini na minne, niliona ananichelewesha.

Geita, mtaa wa Kalangalala, alikuwepo fundi redio aitwaye Deusi, mwenye kompyuta ya aina ileile. Tulitumiana disketi kwa makondakta wa mabasi, zimebanwa kati ya vipande vya boksi la sabuni. Deusi alinipa programu yake ya kutunza orodha na kunakili. Ilikuwa na mbio na haikuuliza swali hata moja. Niliipenda kama watu wanavyompenda mchumba asiyeuliza ulikuwa wapi. Ila ilitaka kuandika alama zake kwenye kila disketi, kwa hiyo nilibandua karatasi za kunata zote. Nafasi ilipopungua, disketi ya akiba niliyokabidhiwa na Mhandisi niliijaza mchezo wa kutungua ndege.

Kiangazi kilipokaza, mtambo wa kuchimba visima ulikuwa Kagongwa ukingoja orodha yetu: wapi maji yapo, kwa kina gani. Vipimo vya msimu ule havikuwemo kwenye kadi. Vilikuwa kwenye disketi moja tu. Asubuhi ile Mhandisi aliniambia gari litaondoka saa nne. Nikaona, kabla ya kuitoa orodha, nifanye jambo la busara: nitengeneze nakala.

Programu ya ofisi ilisoma juu ikaandika chini. Ya Deusi ilifanya kinyume. Nililijua hilo. Mikono yangu haikulijua. Niliweka disketi iliyojaa juu, tupu chini, nikabonyeza. Taa ya mdomo wa chini ikawaka kwanza. Sekunde moja baadaye nilielewa, na wakati huo ya juu ilikuwa imeshaanza kuwaka, utupu ukiandikwa juu ya vipimo.

Mhandisi akaingia, funguo za gari mkononi.

"Binti, kisima cha kumi na saba, maji yako mita ngapi?"

Skrini ilikuwa nyeusi. Macho yangu yakatafuta pa kukimbilia, yakaiona simu ya mezani, imekaa juu ya boksi la disketi. Sote tulikuwa tumeonywa kwamba kengele ya simu ina sumaku, na sumaku hufuta.

"Simu," nikasema. "Imewekwa juu ya disketi."

Mhudumu wetu, Mama Kabula, alikuwa mlangoni na kitambaa cha vumbi.

"Niliiweka mimi, mzee, nilipokuwa nafuta meza," akasema mwenyewe. Kisha akanigeukia, akaniita mama kwa Kisukuma. "Kumbe simu inakula maandishi, mayu?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Niliangalia kucha zangu.

"Inakula," nikajibu.

Mtambo ulianza kazi bila orodha, ukachimba pakavu mara mbili. Mama Kabula akahamishiwa kambini Kagongwa kupika, mtoto wake Kabula akabaki Tinde na bibi yake. Barua ya uhamisho niliichapa mimi kwa ile kompyuta, na orodha za watakaopewa nakala nikazipanga kwa programu ya Deusi. Haikuniuliza chochote.

Baadaye nilihudumu Geita, kisha Kahama, nikapanda vyeo. Niliwafundisha vijana wengi kwamba programu inayokuuliza mara mbili inakuheshimu. Walidhani ni hekima.

Mwaka huu nimestaafu. Namba ya mama yake nilipewa na Kabula mwenyewe, ambaye sasa ni nesi. Nilipiga.

"Shikamoo, Mama Kabula."

"Marahaba. Paza sauti, simu iko dirishani!"

Nilijitambulisha, nikauliza kwa nini dirishani.

"Siiweki penye makaratasi. Si wewe uliyenifundisha?"

Nikamweleza yote: karatasi ya kunata, midomo miwili, mkono wangu. Upande wa pili kuku alilia.

"Yaani haikuwa simu?"

"Haikuwa simu. Wala hukuwa wewe."

"Miaka sita Kagongwa," akasema polepole. "Kabula akaanza shule sipo. Nilikuwa nasema, basi, ni kosa langu, nivumilie. Ngoja."

Nikasikia hatua, mfuniko wa sanduku la bati, na simu yenyewe ikiwekwa juu ya makaratasi. Kisha sauti yake ikitoka mbali kidogo, ikisoma herufi moja moja kama anayekagua: jina la Kabula kwenye kadi ya kliniki, jina la Kabula kwenye cheti cha ubatizo, jina lake mwenyewe kwenye kadi ya mpiga kura.

Akaichukua simu.

"Yote yanasomeka," akasema. "Sasa njoo Tinde uyaseme tena hayo, nikikutazama usoni."

Akakata.