Siku Mama Alipoishika Kamera

Mke wangu ni tabibu wa meno katika kituo cha afya cha mtaani kwetu, na mtaa mzima unamwita Koleo. Watoto wakimwona anapita na mkoba wake hufumba midomo kabisa, na wakubwa humwamkia kwa heshima ya mtu anayejua kwamba iko siku atalala kwenye kiti chake macho yamemtoka. Mimi ni fundi cherehani. Wateja wakija kupimwa huniuliza, "Fundi, mkigombana nyumbani inakuwaje?" Nawajibu kwamba tangu nimuoe sijawahi kugombana naye nikiwa nimefungua mdomo.

Watu hucheka, na mimi hucheka nao. Mwenyewe jina hilo lilikuwa likimchoma, ila hakulisemea mpaka jioni moja aliporudi kazini akiwa hoi.

"Mimi sikusomea kung'oa tu," aliniambia. "Nilisomea kuziba, kusafisha, kuelimisha watu. Lakini wanakuja jino likiwa limeshaoza mpaka mzizini. Mtu ananionyesha shavu, ananiambia: toa. Nikimwambia hili la pembeni bado linaokoleka, anaona namchelewesha."

Pale kazini alikuwa na meno ya plasta, taya la juu na la chini, na alikuwa akiyafumbua na kuyafumba mbele ya wagonjwa huku akieleza. Wagonjwa waliitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, kisha wakaenda zao. Neno liliingia sikio hili likatokea lile. "Yale meno si yao," alisema. "Nani aogope kuoza kwa plasta?"

Ndipo kituo kikaletewa kamera ya mdomoni. Ni kitu chembamba, kama kalamu nene, kina taa kwenye ncha na waya unaokwenda kwenye kompyuta. Ukikiingiza kinywani, jino linatokea kwenye skrini likiwa kubwa kama ngumi. Mtaalamu aliyekuja kuifunga alimwonyesha pa kuwashia na pa kuzimia, akanywa chai, akaondoka.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Fundi mwashi mmoja alipoliona gego lake kwenye skrini aliruka kitini.

"Daktari, hicho ni nini?"

"Ni gego lako."

"Langu? Hapana. Hicho ni kisiki!" Akavua kile kitambaa cha kifuani, akatoka na shavu lake likiwa limevimba vilevile. Baada yake mama mmoja aliyaona meno yake akaanza kulia, akidhani ameletwa pale aumbuliwe. Mke wangu akaigeuzia skrini ukutani, akarudi kwenye kioo chake kidogo chenye mpini, kile alichokizoea tangu chuoni.

"Inawasuta watu," aliniambia. "Mtu anaumwa, halafu unamwonyesha aibu yake kwenye televisheni."

Kamera ikalala kwenye kasha lake. Huenda ingelala mpaka leo, kama mama yangu asingekuja kututembelea.

Mama alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu. Ni mwanamke ambaye hata akiwa amekaa utadhani amesimama. Alipofika tulimwona anakula uji tu, na akizungumza ameweka kiganja mbele ya mdomo. Baada ya siku chache shavu la kushoto likafura.

"Mama, twende kwa mkweo akuangalie," nikamwambia.

"Mkwe wangu anichungulie kinywani? Halafu kesho tukae meza moja, kila nikicheka akumbuke alichokiona? Thubutu!"

"Si ndiyo kazi yake, Mama?"

"Na mimi si ndiye mama yako? Nitafutie daktari wa mbali, asiyenijua."

Nilikwenda jikoni kupeleka habari, nikijua nyumba itawaka moto. Mke wangu alikuwa anamenya viazi. Alimenya kimoja, akamenya cha pili.

"Mama hajakosea," akasema mwishowe. "Hata mimi nisingependa." Kisha kisu kikasimama. "Kesho mlete mchana, wagonjwa wakishapungua. Mwambie sitamwangalia."

"Utamtibuje bila kumwangalia?"

"Wewe mlete tu."

Chumba chake cha kazi ni kidogo: kiti kimoja cha kupanda na kushuka, taa yenye shingo ndefu, beseni la kutemea mate, kabati la vyombo, na harufu ya mafuta ya karafuu isiyokwisha. Ukutani kuna bango la mtoto anayepiga mswaki. Mama aliingia na kiganja chake mdomoni, akakaa kwenye kiti kama aliyekuja kukagua shule ya watu.

Mke wangu hakukilaza kiti. Aliivisha kamera mfuko mwembamba wa plastiki safi, akamgeuzia Mama skrini, akamkabidhi ile kamera mkononi.

"Mama, utaishika wewe. Elekeza taa popote unapotaka. Mimi nakaa hapa nyuma, nimegeukia ukutani. Ukiwa na swali, uliza. Ukiwa huna, ukimaliza niambie. Na wewe fundi, geuka!"

Nikageuka. Tukakaa wawili tumeelekea ukutani kama wanafunzi waliopewa adhabu, na mimi nikamtazama yule mtoto wa mswaki mpaka nikamkariri. Nilisikia plastiki ikigonga jino. Kisha Mama akasema, "Ala!"

Plastiki ikagonga jino jingine.

"Mkwe, hawa wa mbele mbona chini wana kitu kama chokaa?"

"Ni ukoga, Mama. Unasafishika."

"Na huyu mweusi aliyejificha kule nyuma?"

"Ana tundu?"

"Tundu? Hili ni shimo la taka! Na fizi yake imevimba, inang'aa."

"Ukipagusa unasikia nini?"

"Nasikia mpaka sikioni." Kamera ikagonga tena. "Jirani yake naye ana doa. Dogo. Kumbe yule mweusi ndiye aliyemharibu mwenzake! Ndivyo walivyo. Mtoro mmoja anakuharibia dawati zima."

Mabega ya mke wangu yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, lakini hakugeuka. "Sasa huyo mtoro tumfanyeje, Mama?"

"Huyo afukuzwe. Lakini huyu wa pili bado anarudika. Au sivyo?"

"Ndivyo hasa. Huyo tunamziba."

"Mwanangu," Mama akaita, na mimi nikageuka haraka. Hakuwa ananiita mimi. Alikuwa anautazama mgongo wa mke wangu.

"Geuka uje," akamwambia. "Huwezi kuziba jino ukiwa umetazama ukuta."

Alipewa dawa kwanza, uvimbe ukatulia. Kisha akachomwa ganzi, jino bovu likatoka, na jirani yake akazibwa. Mama alidai aonyeshwe pengo kwenye skrini, kisha aonyeshwe ule mzibo, akaukagua kwa muda mrefu kama daftari la mwanafunzi anayetiliwa shaka. "Kazi safi," akasema. Mimi nimekaa shuleni kwake miaka yote ya msingi na sikuwahi kuandikiwa maneno hayo.

Tangu siku hiyo mke wangu alibadili utaratibu wake. Kila mgonjwa alishika kamera mwenyewe kwanza. Aliyetaka kutazama peke yake aliachwa atazame; aliyetaka kuelezwa alielezwa. Na ajabu ni kwamba watu wale wale waliokuwa wakiitikia ndiyo daktari sasa walianza kuuliza. Hili doa litakuwa lini shimo? Nikipiga mswaki hivi, pale nyuma unafika? Yule fundi mwashi alirudi, akaishika, akauliza, "Haya, kisiki changu kiko wapi?" Mzee mmoja mikono ilikuwa inamtetemeka, mkewe akamshikia, na wakabishana pale pale ni jino gani lilimnyima usingizi.

Mkuu wa kituo aliingiwa na hofu. "Chombo hiki kikianguka tutasema nini?" Hapo ndipo nilipoitwa mimi. Nilishona mkanda laini wa kuzunguka kifundo cha mkono, wenye kishikizo, unaofungwa kwenye waya. Kamera haikuanguka hata mara moja. Sitaki kujisifu, lakini na mimi ni mtaalamu wa vifaa vya meno kwa kiasi fulani.

Watu waliokuja kuziba wakawa wengi kuliko mikono ya kuwazibia. Mke wangu akaomba nafasi ya kurudi chuoni kujiendeleza, akapata. Alikuta mambo mapya. Zamani walijifunzia kwenye meno yaliyong'olewa. Sasa kulikuwa na vichwa vya plastiki vimepangwa mstari, vimefungua vinywa, na kila kichwa kina skrini yake. Ukichonga jino zaidi ya inavyotakiwa, skrini inapaka rangi nyekundu pale ulipozidisha.

"Yangu ilikuwa nyekundu kama nyanya," alinipigia simu kunieleza. "Wenzangu ni wa rika la watoto wetu, wanachonga kama wanachezea simu. Binti mmoja ameniambia, mama, legeza mkono, unachonga kama unavuta. Kweli, Fundi! Mkono wangu umezoea kuvuta. Hii mashine inataka kubembelezwa."

Alikuwa anabaki baada ya vipindi, yeye na yule binti, kichwa kwa kichwa. Akirudi likizo alinionyesha picha za meno yake ya plastiki kwenye simu, na kila mara nyekundu ilikuwa imepungua.

Muhula wa pili walikuwa na somo la kuzungumza na mgonjwa. Wanafunzi waliigiza, mmoja tabibu, mwingine mgonjwa, wakarushiana maneno ya vitabuni. Mke wangu akanyoosha mkono, akasimulia habari ya Mama. Mhadhiri, mwanamke mpole mwenye miwani, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo mama mwenyewe anaweza kuja?"

Nilimfikishia Mama ombi hilo nikisubiri kuambiwa thubutu. Yeye akauliza tu, "Hao wanafunzi wana adabu?"

Alivaa suti ya kijivu niliyomshonea, akaketi kwenye kiti cha meno mbele ya darasa zima. Nyuma yake ukuta wote ulikuwa skrini. Mwanafunzi wa kwanza alisogea na kuanza kumweleza huku macho yake yapo kwenye makaratasi.

"Mjukuu wangu," Mama akamkatiza, "unaongea na nani? Mimi niko huku."

Darasa likacheka, kijana naye akacheka. Akaweka makaratasi chini, akavuta kigoda, akakaa chini ya usawa wa macho ya Mama, akampa kamera. Na Mama, yule wa kiganja mdomoni, akafungua kinywa mbele ya watu wote. Meno yake yakajaa ukutani. Akawapitisha moja baada ya jingine mpaka akafika pale penye mzibo, mkubwa kama dirisha.

"Huyu," akasema, "ndiye aliyeokolewa na mkwe wangu."

Mhadhiri akamwomba mke wangu asimame aongeze neno. Hakuongeza mengi. Alisema mtu akionyeshwa ubovu wake na mwingine huona anasutwa, lakini akijionyesha mwenyewe huanza kuuliza. Niliwaona wakiandika. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma kabisa, nimejikaza, maana mwanamume mzima hawezi kulia darasani kwa sababu ya jino.

Siku hizi kasharudi kituoni, na chuo kinamletea wanafunzi wawili wawili wajifunze kwake. Bado anang'oa, hilo haliishi. Lakini anaziba zaidi.

Siku ile ya chuoni tulipokuwa tunatoka, Mama na mimi, mlinzi alitusimamisha getini. "Samahani, ninyi ni wageni wa nani?"

Mama akamtazama kwa lile jicho lake la mwalimu mkuu. "Mimi ni mama wa yule mwalimu aliyekuwa anafundisha sasa hivi."

Nilitaka kuongeza kwamba na mimi ni mumewe, lakini mlinzi alikuwa ameshafungua geti.