Maktaba Iliyogeuzwa Ukumbi wa Matanga

Ukiwauliza watu wa mtaa wetu hapa Kisumu, watakuambia maktaba ni yao, waliijenga kwa jasho lao. Ni kweli, na ndiyo maana inaniuma. Mama yangu aliuza omena, dagaa wa ziwani, pale ufukoni Dunga, na akishamaliza biashara alilisuuza beseni lake, akalijaza mchanga wa ujenzi, akalibeba kichwani. Wauzaji wenzake walifanya vivyo hivyo. Mafundi wa kanisani walijenga kuta bila malipo, na wanafunzi wa chuo kule Maseno wakatuletea vitabu kwa magunia. Mama hakujua kusoma hata jina lake. Siku ya ufunguzi alinipitisha mbele ya rafu akaniambia, "Hizi zote usome."

Tulifaidi kwa miaka michache tu. Kisha jirani mmoja akafiwa, tena msimu wa mvua. Huku kwetu mtu akifa, ndugu na marafiki hukutana kila jioni hadi siku ya mazishi, wachange na kupanga: jeneza, hema, gari la kupeleka mwili nyumbani kijijini, chakula cha waombolezaji. Familia ile iliomba ukumbi wa maktaba wajikinge mvua. Nani angewanyima? Wakapewa, na waliofuata wakapewa, hata jua likiwaka. Mtaa mkubwa hauishiwi na misiba. Ikawa jioni ikikaribia msomaji anaambiwa afunge kitabu, watu wa matanga wanaingia. Viti navyo vikaanza kusafiri na maiti hadi vijijini kule Bondo, na vingine havikurudi.

Wakati huo nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto, najiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne. Tuliishi chumba kimoja, watoto wanalia, redio ya jirani haizimwi. Mchana nilifulia watu nguo, kwa hiyo saa yangu ya kusoma ilikuwa ile ile ya mikutano yao. Nikamwendea mwenyekiti wa maktaba, mwalimu mstaafu.

"Sasa mama," akaniambia, "hao watu wa msiba niwaambie waketi wapi? Kwa barabara? Na wewe ukifiwa, utakuja kwa nani?"

Nikarudi chumbani kwetu. Mtihani nikaufanya, nikafeli.

Mwaka uliofuata mama akafariki, na mkutano wetu ukafanyiwa humo humo. Watu walijaa. Mwenyekiti aliongoza, akafika kwenye suala la ng'ombe wa kuchinja. Nikasimama. Niliwaomba waombolezaji wapewe chai na mkate tu, na pesa za ng'ombe zinunue mabati, tujenge kibanda uani kwa mikutano ya matanga, ukumbi uwarudie wasomaji. Nikasema hicho ndicho kingekuwa ukumbusho wa mama, kwa sababu mchanga wa kuta zile aliubeba yeye.

Wanawake waliobeba mchanga pamoja naye walikuwepo, na wote waliangalia chini. Shangazi yangu akanivuta mkono niketi.

"Pole, mtoto wetu. Msiba umekuchanganya. Unataka watu waseme tulizika mama yako na chai?"

"Tuendelee," akasema mwenyekiti. "Ng'ombe mmoja ama wawili?"

Walisema wawili. Niliwachukia wote, pamoja na huruma yao.

Siku ya mazishi, kule kijijini kwetu, mwenyekiti alishika kipaza sauti akamsifu mama kwamba aliijengea jamii maktaba. Wakampigia makofi. Kisha wakala, wakashiba, na walipokuwa wakiondoka walinishika mkono mmoja mmoja, wakaniambia nimemzika mama vizuri sana. Wanawake wa mchanga walikuja mwisho. Walikuwa wamefunga nyama kwenye mifuko, wanakimbilia gari la kurudi Kisumu.